Granola ya nazi, korosho na embe: kwa nini hulainika, na namna ya kuikausha ikakaa

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Tabata, na nimejaribu mara tatu kutengeneza granola, yaani nafaka ya oti iliyookwa ikakauka, ya nazi na embe kwa ajili ya kifungua kinywa, kwa kuwa ile ya dukani ni ghali na ina sukari nyingi. Nina oveni ndogo ya umeme ya kuweka mezani. Mara zote nazi huungua kabla oti hazijabadilika rangi, na hata ninapoitoa ikiwa nzuri, siku ya tatu huwa imelainika kama bisi zilizolala nje. Ninatumia nazi niliyokuna mwenyewe, embe nililokausha juani, korosho za kukaanga na asali. Ninakosea wapi? Nina pia mtoto wa miezi kumi. Je, naye anaweza kula?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimesoma swali lako kwa makini, na ninaona kwamba matatizo yako mawili, la nazi kuungua na la granola kulainika, yana mzizi mmoja, nao ni maji. Nimefundisha usindikaji wa matunda kwa miaka mingi, na kila ninapoletewa granola iliyoharibika hapa pwani nakuta kwamba mapishi yenyewe hayakuwa mabaya. Kilichokosekana ni kujua kila kitu kilichoingia kwenye trei kiliingia na maji kiasi gani. Mtu wa Dodoma anaweza kupuuza jambo hilo na hewa kavu ikamsitiri. Sisi wa Dar es Salaam, ambako asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, hatuna nafasi hiyo.

Hata historia ya chakula hiki ni historia ya kukausha. Mwaka 1863, katika mji wa Dansville jimboni New York, daktari aitwaye James Caleb Jackson alioka unga wa ngano isiyokobolewa ukiwa umetandazwa mwembamba, akauvunja vipande, kisha akavioka tena mpaka vikawa vikavu kiasi cha kulazimu kulowekwa usiku kucha kabla ya kuliwa. Alikiita Granula. John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, naye alitengeneza chakula cha namna hiyo, na jina la granola likatokana na chake. Asali, mafuta, nazi na matunda yalikuja baadaye, na kila kimoja kilikuja na unyevu wake.

Tuanze na nazi, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua zaidi. Nyama ya nazi iliyokomaa, inapotoka kwenye mbuzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na theluthi hivi ni mafuta. Unapoichanganya mbichi na oti tangu mwanzo, kwa dakika kumi na tano au ishirini za kwanza trei yako haioki, bali inafukiza: maji ya nazi yanageuka mvuke, mvuke unaziingia oti, na oti zinabaki nyeupe na laini. Kisha maji yanapokwisha kwenye zile nyuzi nyembamba za nazi zilizo juu, hakuna tena cha kuzilinda, na kwa kuwa zina sukari na mafuta huungua kwa dakika chache huku oti za chini yake zikiwa bado hazijaanza kukauka. Ndiyo maana ukiongeza moto unaharibu nazi, na ukipunguza moto unabaki na oti mbichi.

Dawa yake ni kuikausha nazi peke yake kwanza. Chagua nazi iliyokomaa kabisa, ile ambayo ukiitikisa maji yake yanacheza ndani. Koroma haifai, maana nyama yake ina maji mengi na mafuta machache. Badala ya kuikuna kwa mbuzi, ningependa uibambue kutoka kwenye kifuu, uoshe vipande, kisha uvikate kwa kisu kikali au kwa kifaa cha kumenyea karoti upate vipande vyembamba na vipana. Vipande hivyo haviungui upesi kama nyuzi, na mdomoni vinaonekana kuwa ni nazi kweli. Vitandaze kwenye trei, uviweke kwenye oveni kwa nyuzijoto 100 kwa dakika 30 hadi 40, ukigeuza mara mbili tatu, mpaka vikakamae bila kubadilika rangi. Gramu 160 za nazi mbichi zitakupa kama gramu 90 zilizo tayari. Ukiwa mtu wa kupika wali wa nazi kila siku na machicha yanakulimbikia, unaweza kuyakausha hayo pia kwa namna hiyo hiyo. Ladha yake ni hafifu kwa kuwa mafuta mengi yameondoka na tui, lakini yanajaza vizuri, nami huyatumia kwa nusu ya kiasi cha nazi ninachohitaji.

Sasa vipimo. Kwa trei mbili ndogo za oveni ya mezani, chukua oti gramu 300, korosho gramu 100, ile nazi kavu gramu 90, na ufuta vijiko vikubwa vinne. Kwa upande wa gundi, chukua mafuta ya nazi vijiko vikubwa vitano, asali vijiko vikubwa vitatu, sukari vijiko vikubwa vinne, maji vijiko vikubwa viwili, na chumvi nusu kijiko cha chai. Utapata takriban gramu 650 hadi 700 kabla ya matunda, ambazo kwa mtu anayekula gramu 50 asubuhi ni mlo wa karibu wiki mbili. Kuhusu oti, nunua zile nzima zilizobanwa zikawa bapa, si zile zilizokatwakatwa kwa ajili ya uji wa haraka, kwa sababu hizo za haraka hugeuka unga na kuganda kama ugali wa jana. (Watu wengi huziita shayiri, na hata baadhi ya makopo huandikwa hivyo, ila shayiri hasa ni nafaka nyingine.)

Korosho za kukaanga ulizotumia ni kosa la pili. Zile zinazouzwa barabarani kwenye foleni zimekwisha kuiva na mara nyingi zimetiwa chumvi; ukizioka tena kwa nusu saa zinakuwa chungu, na mafuta yake yanaanza kuchacha mapema. Tafuta korosho zilizobanguliwa lakini hazijakaangwa, nyeupe, na usione aibu kununua vipande vilivyovunjika, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko ya korosho nzima na wewe ungezivunja hata hivyo. Ikiwa umebaki na za kukaanga tu, zichanganye granola ikishatoka kwenye oveni.

Suala la asali linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa wengi huamini kwamba asali tupu ni bora kuliko sukari kwa kila hali. Kwa ladha sina ubishi: asali ya misitu ya miombo ya Tabora, ile nyeusinyeusi yenye harufu ya moshi, huifanya granola iwe na ladha ambayo hakuna sukari inayoweza kuileta. Lakini sehemu kubwa ya asali ni sukari ya aina ya fruktosi, ambayo huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapofika takriban asilimia 60, ilhali chembe za sukari ya kawaida hustahimili mpaka unyevu ukaribie asilimia 85. Kwa hewa yetu, granola iliyofungwa kwa asali tupu inakunywa maji kila unapofungua chupa. Fruktosi hiyo hiyo pia hubadilika rangi na kuungua mapema kuliko sukari ya mezani, jambo lililoongeza tatizo la nazi yako. Ndiyo maana nimekupa asali kwa ajili ya ladha na sukari kwa ajili ya ukavu. Sukari guru nayo ina ladha nzuri sana, lakini huvuta unyevu kama asali, kwa hiyo siishauri kwa mtu wa pwani isipokuwa kama granola yote italiwa ndani ya siku tatu nne. Kama lengo lako ni kupunguza sukari, punguza kiasi cha jumla. Usidhani kwamba kuhamia kwenye asali kumekupunguzia.

Kuna jambo jingine ambalo mapishi ya nchi za baridi hayalisemi. Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la chini ya nyuzi 24 hivi, na huko kwao granola ikipoa mafuta hayo yanaganda na kusaidia kushika mabonge. Hapa kwetu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, mafuta hayo hubaki maji mchana na usiku, kwa hiyo hayashiki chochote. Kinachoshika ni sukari iliyopikwa, na kama unapenda mabonge makubwa, ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukatoa povu, ukachanganywa kabla ya kuoka.

Namna ya kuoka ni hii. Washa oveni nyuzijoto 150, lakini ikiwa ni ile ndogo ambayo vyuma vyake vya moto viko karibu kabisa na trei, shusha hadi 140 na uweke trei kwenye ngazi ya chini. Tandaza oti tupu, kina kisizidi sentimita mbili, uzipashe kwa dakika kumi ili zitoe unyevu wake wenyewe. Wakati huo weka mafuta, asali, sukari, maji na chumvi kwenye sufuria, uchemshe kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke na povu lipande, kisha utie viungo: iliki iliyotwangwa muda huo huo, mdalasini, na tangawizi kavu ya unga. Karafuu iwe punje mbili tu zilizosagwa, maana ikizidi inafunika kila kitu. Ikiwa unatumia ute wa yai, acha mchuzi huo upoe kwanza usije ukauivisha. Changanya na oti, korosho na ufuta mpaka kila kitu king'ae, rudisha kwenye oveni kwa dakika 20, ukigeuza kila baada ya dakika saba au nane na ukiileta katikati ile ya pembeni. Hapo ndipo nazi inapoingia, ikiwa kavu tayari, kwa dakika 8 hadi 10 za mwisho. Kama unataka mabonge, baada ya kuongeza nazi ikandamize yote kwa mgongo wa mwiko na usiiguse tena.

Usiipime granola ikiwa ya moto, kwa kuwa ikiwa ya moto huwa laini hata kama imekauka barabara. Chota kidogo, iweke kwenye kisahani kwa dakika mbili, kisha uitafune. Ikilia kwa meno imeiva. Ikinata au kukunjika, irudishe kwa dakika tano, ukiwa umeshusha moto hadi nyuzi 120 ili ikauke bila kuungua. Ikishakuwa tayari, zima oveni, acha mlango wazi kidogo, na iache ipoe humo humo ndani. Wengi huitoa na kuiacha mezani jikoni karibu na sufuria ya maharage inayochemka, na kwa saa mbili hizo inakuwa imekunywa mvuke wa jikoni zima.

Sasa nije kwenye matunda, ambako nadhani ndiko siku yako ya tatu inakotokea. Tunda lililokaushwa vizuri bado huwa na maji asilimia 15 hadi 20, na lile la kukausha juani nyumbani mara nyingi huwa na zaidi. Granola inayolia mdomoni ina maji chini ya asilimia 5. Ukiviweka viwili hivi katika chupa moja iliyofungwa, maji yatatoka kwenye tunda kwenda kwenye oti mpaka vilingane, na hakuna kifuniko kitakachozuia hilo kwa sababu jambo lenyewe linatokea ndani. Kwa hiyo usiyahifadhi pamoja. Granola ikae kwenye chupa yake, embe na nanasi vikae kwenye chupa nyingine, na vikutane kwenye bakuli asubuhi. Badiliko hilo peke yake litakupa karibu wiki mbili za granola kavu, hata usipofuata mengine yote niliyoyasema. Wala usiyaoke matunda pamoja na oti, kwani hugeuka kokoto.

Kuhusu kukausha kwenyewe, embe hujaa katika masoko yetu kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Februari, wakati ambapo jua ni kali lakini hewa ni nzito. Chagua embe lililoiva lakini bado gumu, lisilo na nyuzi nyingi. Nanasi, hasa haya yanayotoka Kiwangwa mkoani Pwani, liwe limeiva mpaka kitovuni na litolewe moyo. Kata vipande vya milimita nne au tano, visizidi hapo, na viwe sawa kwa unene ili vikauke pamoja. Viloweke kwa dakika kumi katika maji yaliyokamuliwa ndimu, ambayo huzuia kubadilika kuwa kahawia. Ndizi zinahitaji zaidi hatua hii kuliko tunda lolote. Vipange juu ya chanja au wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, ufunike kwa kitambaa cha chandarua dhidi ya nzi na vumbi, na uviingize ndani kabla jua halijazama, kwa sababu umande wa usiku mmoja hurudisha maji mengi yaliyotoka mchana. Siku ya pili jioni malizia kwenye oveni kwa nyuzijoto 60 hadi 65, mlango ukiwa umeegeshwa kwa kijiko cha mbao ili mvuke utoke. Usifanye haraka kwa kuongeza moto: tunda likipata moto mkali mwanzoni, ngozi ya nje inakakamaa na kufungia maji ndani, na baada ya wiki utakuta ukungu katikati ya kipande ambacho kwa nje kilionekana kikavu kabisa. Wakati wa masika usijaribu jua hata kidogo. Kilo moja ya nanasi lililomenywa itakupa gramu 150 hadi 170 tu, hivyo usishangae kuona trei nzima imeingia kwenye kopo dogo.

Ili kujua kama yamekauka, minya kipande kati ya vidole baada ya kupoa. Kisitoe maji wala kisinate. Kisha yaweke kwenye chupa ya kioo, yasijae, kwa wiki moja, ukitikisa kila siku. Ukiona hata tone moja la maji kwenye kioo, yarudishe kwenye oveni.

Wakati wa msimu, hata hivyo, mimi siyakaushi yote. Embe bichi la asubuhi hiyo, lililokatwa juu ya granola kavu na maziwa mgando, ni bora kuliko lolote la chupani, na papai lenye kukamuliwa ndimu halikosekani mwaka mzima. Mtu anayependa uchachu na anyunyize kijiko cha chai cha unga wa ubuyu juu ya bakuli. Asiuoke, kwa sababu moto huharibu vitamini C iliyomo, na pia unga huo hunyonya unyevu upesi sana.

Kwa kuhifadhi, tumia chupa ndogo za kioo zenye vifuniko vya kubana, kadhaa badala ya moja kubwa, ufungue moja kwa wakati mmoja. Jaza ikiwa imepoa kabisa lakini siku hiyo hiyo, maana ikifungwa na joto hutoa jasho. Kabatini, mbali na jiko na mwanga, ni pazuri kuliko kwenye friji, kwa kuwa chupa ya baridi ikifunguliwa katika hewa yetu hushika maji papo hapo. Ndani ya wiki tatu iwe imekwisha, kwani mafuta ya korosho na ya nazi huanza kuchacha hata kama oti bado ni kavu. Pua yako itakuambia. Ikilainika kabla ya hapo, itandaze kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa dakika kumi, na itarudi kama ilivyokuwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hujapoteza kitu. Hamishia kwenye kikaango kizito juu ya gesi kwa moto mdogo kabisa, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20. Mabonge hayatapatikana, lakini ukavu utapatikana. Wenye jiko la mkaa wanaweza kupalia moto juu na chini kama wanavyofanya kwa keki, makaa machache chini na mengi kidogo juu ya mfuniko, wakifunua mara kwa mara ili mvuke utoke.

Neno moja la tahadhari ikiwa utataka kubadilisha korosho kwa karanga ili kupunguza gharama: zichambue punje moja moja, na utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuoka wala kukaanga. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na karanga hushambuliwa nayo kama mahindi.

Na mtoto wako wa miezi kumi: hapana, hii usimpe. Asali haifai kwa mtoto yeyote aliye chini ya mwaka mmoja, hata ikiwa imepikwa, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazosababisha ugonjwa wa botulizimu kwa watoto wachanga, nazo haziuawi na joto la kawaida la oveni. Korosho nzima na vipande vigumu vya nazi vinaweza kumpalia, na hilo linaendelea kuwa hatari mpaka atakapotimiza takriban miaka mitano. Kwa sasa chukua oti zile zile kabla hujazitia kitu chochote, umpikie uji, uuponde na ndizi mbivu. Akishatimiza mwaka, na ikiwa amekwisha kuonja korosho kidogo kidogo bila kupata vipele wala uvimbe, saga granola yako iwe unga laini, umchanganyie kijiko kimoja kwenye maziwa mgando.